Maini ya Tangi la Kwanza

Jumatatu, Januari 6

Vyura wameingia. Tisini na sita, wote wazima, na wote wana sura ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Daktari amewagawa katika matangi manne. Tangi la kwanza maji yake ni nyuzi ishirini na mbili, la pili ishirini na sita, la tatu thelathini, la nne thelathini na tatu. Anataka kujua joto hulifanya nini ini la chura. Kila baada ya wiki mbili tutachukua sita katika kila tangi, na maini yao yatapita mikononi mwangu: kwenye nta, kwenye mashine ya kukatia, juu ya kioo, chini ya hadubini. Ndiyo maana hapa kazini wananiita Wembe. Wengine wanasema ni kwa sababu ya ulimi.

Anayeruhusiwa kuingia chumba cha vyura ni mtu mmoja tu, baba yangu. Ni sheria ya Daktari mwenyewe, kwa kuwa chura akiona watu wengi hushtuka, na hofu huharibu ini kama joto linavyoliharibu. Baba amewatunza vyura miaka thelathini na moja. Alipaswa kustaafu zamani, ila mkataba wake huongezwa kila mwaka kwa ajili ya vidole vyake viwili. Akivichovya majini anakuambia ni nyuzi ngapi, na ukienda kutazama kipimajoto unakuta kasema kweli. Jina lake hapa ni hilohilo, Kipimajoto. Kile cha kioo kinaning'inia kando ya tangi kama pambo.

Daftari hili nimelinunua kwa sababu tangu mama afariki tumebaki wawili nyumbani, na Kipimajoto akishamaliza kula hasemi na mtu.

Alhamisi, Januari 9

Joto. Hakuna kingine.

Jumanne, Januari 14

Daktari kaja na mgeni, mtafiti mwenzake, akataka Baba amwonyeshe ule ufundi wake. Walipanga ndoo tatu uani. Zamani Baba angekunja mikono ya shati kabla hawajamaliza kusema. Leo kasema, "Mimi si mwanasarakasi, Daktari. Nina vyura wananisubiri." Akaondoka. Mgeni alicheka, Daktari akacheka, nami nikacheka. Uzee nao una maringo yake.

Jumatatu, Januari 20

Mkupuo wa kwanza. Vyura ishirini na wanne, maini ishirini na manne.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Baba analeta vyura kwenye ndoo, kila tangi na ndoo yake. Daktari anawalaza kwa dawa na kuwapasua. Lebo anatia kila ini kwenye chupa yake na kuandika karatasi ya namba kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti na kukuachia chupa isiyo na baba wala mama. Lebo ni binti wa mkataba wa mwaka mmoja, mkataba wenyewe unaisha Machi. Ana mwandiko mzuri kuliko wetu sote. Namba zake ni za siri. Orodha inayosema namba ipi ni ya tangi lipi hufungwa kwenye bahasha, na bahasha hukaa kwa Daktari, ili mimi ninayehesabu nisije nikahesabu ninachotaka kukiona.

Ninachohesabu ni vidoa. Ndani ya ini la chura mna chembe zinazomeza uchafu wa mwili, na kadiri zinavyomeza ndivyo zinavyogeuka nyeusi. Chura aliyekaa salama utamkuta na vidoa vitatu, vinne, katika duara moja la hadubini. Aliyeteswa na joto anafika ishirini, na mafuta na sukari aliyojiwekea akiba vyote vimekwisha. Ini halisahau. Mwili wote ukishapoa, lenyewe bado lina ushahidi.

Jumapili, Januari 26

Baba kapika. Alifunua sufuria iliyokuwa ikichemka kwa mkono mtupu, akakishika kifuniko huku ananiuliza chumvi iko wapi. Nikamwambia mkono wake ni wa chuma. Akasema, "Ndiyo faida ya kula chumvi nyingi, mama." Tukacheka wote wawili, jambo ambalo ni nadra.

Alhamisi, Januari 30

Nimehesabu siku nne mfululizo. Nikiinua macho kutoka kwenye hadubini naona vidoa ukutani, kwenye dari, kwenye shuka. Jana nilimwona Lebo ana kidoa shavuni nikataka kumfuta. Hakikuwapo.

Jumatatu, Februari 3

Mkupuo wa pili. Baba anasema vyura wameacha kulia, matangi yote. Nimemuuliza hata la kwanza? "Hata la kwanza. Wanaona mambo ya wenzao." Alikuwa anatania, lakini niliwaza jambo hilo hadi jioni. Vyura zaidi ya kumi kwenye maji baridi na hakuna hata mmoja mwenye la kusema.

Ijumaa, Februari 7

Daktari kafungua bahasha ya mkupuo wa kwanza.

Tangi la kwanza ni jeusi. Vidoa kumi na sita, kumi na saba kwa wastani, maini yake hayana tofauti na ya tangi la tatu. Hili ndilo tangi la kulinganishia mengine yote. Likiwa na walakini, kazi yote ni bure. Daktari kaniuliza taratibu, na upole wake ndio unaotisha, kama nilizidisha rangi. Nimemwambia nitarudia.

Jumatano, Februari 12

Nimerudia kwa rangi mpya. Kumi na saba.

Ijumaa, Februari 14

Daktari katuita watatu ofisini. Kaweka daftari la Baba mezani. Kila siku asubuhi na alasiri, tangi la kwanza, ishirini na mbili, ishirini na mbili, ishirini na mbili, mwandiko ulionyooka kama mstari wa mshono. "Maji ni sawa," akasema. "Ukataji ni sawa. Kimebaki kitu kimoja." Akamgeukia Lebo.

Lebo akasema, "Daktari, mimi naandika chupa moja, natia ini moja, ndipo nachukua nyingine. Sijawahi kuwa na chupa mbili wazi."

"Basi niambie maini ya moto yaliingiaje chupa za baridi."

Lebo kapewa hadi mwisho wa Machi, na mkataba hautaongezwa. Tukiwa tunatoka Baba akamwambia, "Pole, binti yangu. Kuteleza si kuanguka." Lebo akaitikia, "Asante, baba." Akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili.

Jumamosi, Februari 15

Nataka kuliandika hili kama lilivyotokea nisije baadaye nikajidanganya.

Adhuhuri Baba alikuwa jikoni. Mimi nilikuwa mlangoni napepeta mchele. Alitoa birika kwenye moto, si kwa mpini, bali kwa kukumbatia tumbo la birika kwa viganja, akaanza kumimina maji kwenye beseni bila haraka. Nilisikia harufu kabla sijaelewa. Nikapiga kelele nikamnyang'anya. Ngozi ya viganja vyake ilibaki kwenye birika. Yeye alinitazama mimi, si mikono, akaniuliza, "Umepatwa na nini?"

Hakuwa anajikaza. Naijua sura ya mtu anayejikaza. Baba hakuwa na habari.

Zahanati wamemfunga bandeji. Mganga kamchoma kwa pini kila kidole, akamwambia afumbe macho aseme anapochomwa. Baba alikaa macho yamefumbwa, anasubiri kwa adabu, na mganga alikuwa ameshamchoma vidole vyote kumi. Ni ile sukari yake. Miaka yote anakula vidonge siku akikumbuka. Imemla mishipa ya vidole polepole, na mtu wa namna hiyo, anasema mganga, haoni siku ile hisia zinapoondoka, kama mtu asivyoiona siku nywele zake zinapoanza kuwa nyeupe.

Nikamuuliza Baba njiani kama huwa anatazama kipimajoto cha kioo.

"Cha nini?" akasema.

Jumatatu, Februari 17

Baba kapumzishwa kwa ajili ya mikono. Nimevunja sheria nikaingia chumba cha vyura.

Mashine yetu ya kupoza maji ni kongwe, haijipimi. Ina swichi ya kuzungusha, na mtu lazima aizungushe kila siku kulingana na hali ya hewa, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ndiyo kazi ya vidole vile miaka thelathini na moja. Hita za matangi mengine hujizima zenyewe. Hili la kwanza ndilo linalomtegemea mtu. Nikachovya mkono. Maji yalikuwa ya kumwogeshea mtoto. Kile kipimajoto cha pambo kilisoma thelathini.

Vyura walikuwa wamekusanyika pembeni, pale mashine inapotema maji, wamepandana, vinywa juu. Walinitazama. Najua chura hamtazami mtu kwa namna ninayoisema, lakini walinitazama. Nikazungusha swichi hadi kipimajoto kikasoma ishirini na mbili, nikasimama pale hadi wakaanza kutawanyika. Juu ya meza lilikuwapo daftari, ukurasa wa Jumamosi asubuhi, ishirini na mbili.

Kisha nikafanya nini? Nilifunga mlango nikaenda kukata nta. Mkupuo wa tatu umechukuliwa mchana huohuo na sikusema neno.

Jumanne, Februari 18

Sikusema.

Jumatano, Februari 19

Nikisema, Kipimajoto amekwisha. Kazi si kitu, atakula kwangu. Ila hana kingine. Mtu mwingine ana shamba, ana sala, ana marafiki wa barazani. Yeye ana vidole viwili.

Nisiposema, Lebo anaondoka na doa la uzembe, na katika kazi yetu doa hilo halitoki kwa spiriti wala kwa maji.

Ijumaa, Februari 21

Lebo kanifuata stoo. Kasema, "Dada, huenda nilichanganya kweli."

Nikamwambia asiseme hivyo.

"Nimekuwa nikijitazama nikifanya. Kila chupa. Sasa nikiifikiria ile siku, naona nimeshika chupa mbili. Sikuwa nazo, lakini naziona. Utaniambiaje kama sikuzishika?"

Maneno hayo yalinikata maini. Nilimpa maji ya kunywa. Wembe mzima, mwenye ulimi wake, nikampa maji ya kunywa.

Jumatatu, Februari 24

Kuna wazo limeniingia tangu siku ile ya pini, na sasa halitoki. Vidole vilikufa lini?

Kabatini mna masanduku ya vioo ya miaka yote. Daktari amefanya kazi ya joto na vyura kila kiangazi kwa miaka tisa, na kila mwaka tangi la kwanza lilikuwa chini ya swichi ileile na vidole vilevile. Nimeanza kuhesabu saa ya chakula, wenzangu wakiwa nje. Nimeanzia nyuma.

Mwaka wa kwanza, vidoa vitatu. Wa pili, vitatu. Wa tatu, vinne. Maini mazuri, rangi ya zambarau safi, mafuta yamejaa. Nilitamani kumwita Baba aje aone alivyokuwa fundi.

Jumanne, Februari 25

Mwaka wa nne, vitatu. Wa tano, vinne.

Jumatano, Februari 26

Mwaka wa sita. Kumi na mbili.

Nilihesabu tena. Kumi na tatu. Nikatazama tarehe kwenye sanduku, nikaizima taa ya hadubini, nikakaa.

Wale vyura walikatwa Januari, miaka mitatu iliyopita. Mama alifariki Februari ya mwaka huohuo. Juzi ilitimia miaka mitatu na hatukuitaja, mimi wala yeye, tulipishana tu sebuleni.

Mama aliamka siku hiyo akasema mwili hauna nguvu. Baba akaingia, akamwekea mkono kwenye paji la uso, kama alivyotuwekea sisi sote maisha yetu yote. Nyumbani kwetu hapakuwahi kuwa na kipimajoto cha homa, na kingekuwa cha kazi gani? Mkono ule ulipokuambia una thelathini na nane, mganga alikuwa akithibitisha tu. Siku hiyo mkono ulisema, "Hana homa. Ni uchovu, mwacheni alale." Alilala. Tuliporudi kutoka kazini jioni alikuwa hatambui mtu tena. Alfajiri ya pili hakuwapo. Zahanati walisema angeletwa asubuhi ile yangekuwa mambo mengine.

Miaka mitatu hii nilidhani ni kudra. Kumbe ilikuwa imeandikwa kabatini, hatua ishirini kutoka kiti changu, kwenye maini ya vyura sita. Waliteseka mwezi mmoja kabla yake, chini ya mkono uleule.

Ijumaa, Februari 28

Chumba cha mama kimefungwa tangu wakati ule. Leo nimepita nikasikia hewa ya moto inatoka chini ya mlango. Ni dirisha la upande wa jua, naelewa. Nimepita mbio hata hivyo, mtu mzima mimi.

Jumatatu, Machi 3

Mkupuo wa mwisho. Nimekwenda kwa Daktari kabla hajavaa glovu nikaweka karatasi mezani, miaka tisa, wastani wa kila mwaka. Nikamweleza birika, pini, swichi, na jinsi nilivyojua tangu tarehe kumi na saba nikanyamaza. Alisoma karatasi mara mbili. Makala zake tatu za miaka hii zimesimama juu ya tangi lile. Sasa atalazimika kuwaandikia wote waliozichapisha awaambie zisiaminiwe.

"Ungeniletea mwaka huu peke yake," akasema, "nisingejua mengine."

"Najua, Daktari."

"Kipimajoto ana habari ya hii karatasi?"

"Hapana."

Akaivua miwani. Akasema, "Mimi ndiye niliyekigeuza kipimajoto cha kioo kuwa pambo la tangi nikaacha kukisoma. Nikaleta wageni nikiwaambia jamani njooni muone mtu anavyoshinda chombo." Kisha akamwita Lebo, akamweleza yote pamoja na tarehe zake, akamwomba radhi mbele yangu, mkataba utaongezwa. Lebo alilia kwanza, ndipo akaniangalia. Amepiga hesabu ya siku kumi na nne. Hakuniita dada.

Jumanne, Machi 4

Daktari kaja nyumbani mwenyewe kumwambia Baba kuhusu tangi la msimu huu. Baba kamshukuru. Kaomba apelekewe daftari lake, akapelekewa.

Alhamisi, Machi 6

Mvua ya kwanza. Imenyesha tangu asubuhi, na bati limekuwa na kelele hata kuongea ni taabu.

Baba alikuwa amekaa na daftari magotini, hawezi kufungua kurasa kwa ajili ya bandeji. Akaniomba nimfungulie. Nikamuuliza ukurasa gani. Akasema, "Wewe ndiye unayejua. Daktari alisema msimu huu, lakini alipokuwa akisema hakunitazama. Tangu mwaka gani?"

Nilikuwa na uongo tayari. Niliupanga siku tatu nzima, mfupi na mzuri. Nikamwambia mwaka.

Hakuuliza mara ya pili. Midomo yake ikahesabu kidogo, nikaona anapofika. Akaitazama mikono yake iliyofungwa, kwa muda, kama mtu anayetazama mizigo ya mgeni.

"Basi mama yako nilimgusa kwa ubao," akasema.

Nikamwambia ni ugonjwa, hakujua, mganga mwenyewe kasema mtu hawezi kujua. Akawa anatikisa kichwa kwa kila neno, kwa adabu, namna ile alivyokaa akisubiri pini. Nikaona kwamba ataubeba peke yake hadi kaburini, mzee huyu, na atadhani ni haki yake aubebe. Ndipo nikasema lile ambalo sijalisema kwa mtu na sijaliandika humu, ingawa nimejaza daftari lote hili nikilizunguka.

Nikamwambia kwamba asubuhi ile yeye alitangulia kutoka. Mimi nilirudi chumbani kumuaga mama, nikamwekea mkono shavuni. Alikuwa anaungua. Si joto la usingizi, ni kuungua, hata niliuondoa mkono. Nikasimama pale nikiwa nimeushika mkono wangu kwa mkono mwingine, nikajiambia, Kipimajoto kasema hana homa, na Kipimajoto hajawahi kukosea. Tena kuna nta inanisubiri.

"Vidole vyangu vilikuwa vizima, Baba," nikasema. "Mimi nilijua."

Mvua ilipiga bati. Nikadhani hakunisikia, nikawa najiuliza kama nina nguvu za kulisema tena kwa sauti kubwa. Kisha akauliza mama alisema nini nilipomgusa.

Nikamwambia aliomba nimfungulie dirisha. Nikalifungua, nikaenda kazini.